Shuka tupu, picha za ukungu: kutatua matatizo ya kuwaangalia na kuwapiga picha nondo wa usiku bustanini

Watu wanaoanza kuwafuatilia nondo usiku kwenye kompaundi zao, wawe Entebbe, Mukono, Mbale au Kabale, hukwama mahali palepale. Shuka jeupe limetundikwa na taa imewashwa mbele yake ili nondo wavutwe na watue hapo, lakini hawaji. Au wanakuja na hawatulii. Au wametulia vizuri, lakini asubuhi simu imejaa vivuli vya zambarau ambavyo hata mpigaji mwenyewe havitambui.

Mengi ya matatizo haya yana mzizi mmoja: taa moja imepewa kazi mbili. Taa ya kuwaita nondo inatakiwa kutoa miale ambayo macho yetu hayaioni vizuri, na inatakiwa kukaa peke yake gizani. Taa ya kupigia picha inatakiwa kuwa nyeupe na laini, iwashwe kwa muda mfupi kisha izimwe. Ukizitenganisha taa hizi mbili, nusu ya kazi imekwisha kabla hujatoa hata shilingi moja.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usio na gharama. Pale penye hatari nimesema wazi uache na umwite nani.

Dalili: taa inawaka, shuka ni jeupe, nondo hawaji

Sababu ya kwanza ni taa nyingine. Simama mbele ya shuka, geuka taratibu mzunguko mzima, uhesabu kila taa unayoiona moja kwa moja: taa ya usalama ukutani, balbu ya veranda, dirisha la jikoni lisilo na pazia, taa ya duka ng'ambo ya barabara. Kila moja inakunyang'anya wageni. Zima zinazozimika. Kama taa ya getini haiwezi kuzimwa kwa sababu ya usalama, hamisha shuka hadi nyuma ya nyumba ili ukuta uizibe. Elekeza shuka kwenye giza lenye majani, kwa mfano shamba la migomba, ua wa vichaka au miti ya jirani. Mita chache tu za kuhamia zinaweza kubadilisha usiku mzima.

Kumbuka pia msimu wa nsenene, yaani senene wanaoliwa. Karibu na mwezi wa Novemba, na tena Aprili na Mei, watu huwasha taa zenye nguvu kubwa juu ya mabati na mapipa, hasa upande wa Masaka. Kama mtego wa namna hiyo unaonekana kutoka kwako, taa yako ndogo haina nafasi. Subiri uzimwe au tumia chambo, ambacho nitakieleza hapa chini.

Sababu ya pili ni aina ya balbu. Balbu za kawaida za LED zinatuangazia sisi vizuri, lakini karibu hazina miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye maboksi madukani. Macho ya nondo huihisi sana miale hiyo. Kifaa rahisi kupatikana Kampala na miji mingine ni taa ya kukagulia noti bandia, ya aina wanayotumia wabadilisha fedha na wenye vibanda vya mobile money. Soma maandishi yaliyo kwenye taa: iliyoandikwa nanomita 365 hufanya kazi vizuri kuliko ya 395, ambayo sehemu kubwa ya mwanga wake ni zambarau inayoonekana kwa macho. Kuna pia taa ndogo za LED za UV zinazotumia waya wa USB na kuchomekwa kwenye pawabanki. Kwa anayeanza hizi ndizo ninazozipendekeza kuliko zote, kwa sababu umeme wake ni volti 5 tu na mvua ikinyesha hazitakuua.

Shuka lenyewe lisaidie taa. Shuka la pamba lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa rangi ya bluu chini ya UV, na mng'ao huo unaongeza eneo la mwanga. Litandaze hadi chini, sehemu yake ilale juu ya nyasi, kwa maana nondo wengi hutua chini kabla hawajafika juu.

Acha hapa. Kuna taa za kuua vijidudu zilizouzwa sana wakati wa Covid-19. Nazo pia zimeandikwa UV, lakini ni za UVC, aina ya UV iliyo kali zaidi, na mirija yake ni ya kioo kisicho na rangi. Usizitumie kabisa kwa kazi hii. Zinaunguza macho na ngozi ndani ya muda mfupi, na maumivu hayaji papo hapo: saa kadhaa baadaye unahisi mchanga machoni na mwanga unakuchoma. Ikikutokea, usiku huohuo au asubuhi nenda kwenye kliniki ya macho. Balbu kubwa ya zebaki ambayo kioo chake cha nje kimepasuka ni hatari vilevile hata kama bado inawaka. Izime. Na hata taa ya UV iliyo salama usiitazame moja kwa moja. Iweke ili shuka ndilo unaloliona.

Sababu ya tatu ni mwezi. Siku zinazozunguka mwezi mpevu shuka hupungukiwa sana. Kipindi kizuri ni mwezi unapokuwa mchanga au haupo kabisa. Hata hivyo usifute wiki nzima: baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na saa hizo za giza mwanzoni mwa usiku zinatosha.

Sababu ya nne ni hali ya hewa. Usiku wa joto, wenye mawingu na unyevu, usio na upepo, ndio usiku wa nondo. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huleta wengi. Kampala, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mtu anaweza kutarajia nondo karibu kila usiku usio na mvua kubwa. Kabale na milima ya kusini magharibi ni baridi, idadi hushuka usiku ukiendelea, na saa mbili za mwanzo zina thamani zaidi.

Sababu ya tano ni saa. Uganda jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na watu wengi huwasha taa saa mbili na kuizima saa nne. Hapo wamewakosa wale wa machweo na wale wa usiku wa manane. Nondo wakubwa wa familia ya Saturniidae, kama Bunaea alcinoe ambaye mabawa yake yakitandazwa huzidi sentimita 10, mara nyingi hujitokeza usiku ukishakuwa mkubwa. Kama huwezi kukesha, lala mapema, uweke kengele ya saa saba usiku, utoke kwa nusu saa.

Ukiisha kukagua hayo yote na bado shuka ni tupu, tatizo ni bustani. Kompaundi yenye majani ya paspalum yanayokatwa kila wiki, ukuta mrefu, zege kila mahali na dawa ya wadudu inayopulizwa mara kwa mara haina chakula cha viwavi, na pasipo viwavi hapana nondo. Tuta moja la viazi vitamu humlisha kiwavi wa Agrius convolvuli. Oleanda humlisha Daphnis nerii, yule wa kijani kilichochanganyika na waridi (lakini oleanda ni sumu kwa watoto na mifugo, usiipande mahali wanapocheza). Mipapai huchavushwa kwa kiasi kikubwa na nondo wa familia ya Sphingidae, wenye mwili mnene na mabawa membamba, wanaoelea mbele ya maua yake kwa muda mfupi wa magharibi. Simama kimya karibu na mpapai unaochanua wakati giza linaingia. Huhitaji taa ya kuita.

Dalili: wamekuja wadudu wengine tu

Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hufunika shuka lote. Zima taa kwa nusu saa au saa moja, kunywa chai, uwashe tena. Kuruka kwao hakudumu. Hakuna dawa bora kuliko hiyo.

Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe hadi Jinja, wale mbu wadogo wa ziwani wasiouma huja kwa mawingu, hasa karibu na mwezi mchanga, yaani siku zilezile unazozitaka. Hamia upande wa nyumba usiokabili ziwa, punguza nguvu ya taa, au siku hiyo tumia chambo peke yake. Vaa barakoa ukikaa karibu na taa. Kuvuta vumbi la wadudu hao ni jambo baya kwa mwenye pumu.

Watu wengi pia huogopa mdudu mkubwa wa kahawia, mwenye tumbo nene refu, anayeruka ovyo na kujigonga kwenye taa. Huyo ni dume la siafu. Hana mwiba. Mwache.

Dalili: nondo wanazunguka bila kutua

Hapa inafaa kujua kinachowapata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba wadudu wanaoruka usiku huelekeza mgongo wao kwenye mwanga. Kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga umekuwa juu, angani, na hivyo ndivyo walivyojua wima wao. Taa ikiwa pembeni, mdudu hulala ubavu na kuizunguka. Taa ikiwa chini yake, hupinduka na kuanguka. Hawaifurahii taa yetu. Imewapotezea wima wao, na mimi nadhani hilo peke yake linatosha kutufanya tuwe wapole nao.

Kwa hiyo, kwanza kagua nguvu. Taa kali mno huwafanya wazunguke zaidi. Ipunguze, au isogeze nyuma ya shuka ili shuka lote ling'ae taratibu badala ya kuwa na nukta moja kali. Pili, ongeza mahali pa kutua: egemeza gome la mti, tawi kavu au trei ya mayai tupu chini ya shuka. Nondo hupenda vifuko vya trei ya mayai, hujibanza humo na kutulia. Tatu, zima taa ya kuita kwa dakika tano. Wengi watatua palepale walipo, na hapo ndipo unaanza kazi ya picha.

Angalia pia kelele. Jamii nyingi za nondo zina masikio yanayosikia sauti kali za popo, ambazo sisi hatuzisikii. Funguo zikigongana mfukoni hutoa sauti za kiwango hicho, na nondo huanguka au kukimbia papo hapo kana kwamba popo amefika. Acha funguo ndani.

Dalili: wapo wasiokuja kwenye taa kabisa

Ni kweli, wapo. Cyligramma latona, yule mkubwa wa kahawia mwenye doa la jicho kila bawa la mbele, na Sphingomorpha chlorea hufuata matunda yaliyochacha kuliko taa. Kwao weka chambo. Ponda bogoya zilizoiva kupita kiasi, changanya na sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji kidogo, mimina bia au tonto (pombe ya ndizi), funika kwa kitambaa, uache siku moja au mbili. Usitumie chupa yenye mfuniko wa kukaza, maana gesi ya uchachu huipasua. Saa kumi na mbili jioni paka kwenye shina la mti, usawa wa kifua, kisha pita kukagua kila nusu saa ukiwa na tochi hafifu.

Kama chambo hakileti mtu, mara nyingi kimekuwa kikavu au hakijachacha vya kutosha. Ongeza bia. Kama kimejaa sisimizi, hamia mti mwingine na upake sehemu ndogo zaidi. Ukiona msafara wa siafu, ondoka na uwaondoe watoto na kuku waliofungiwa. Usiku huo umekwisha. Na usitarajie Saturniidae kwenye chambo hata siku moja: wakishakuwa wakubwa hawana kinywa kinachofanya kazi, hawali chochote, na maisha yao ni ya siku chache.

Dalili: picha zina ukungu

Hili ndilo lalamiko namba moja.

Simu nyingi ukiisogeza karibu kupita sentimita 10 hivi, lenzi kuu haiwezi tena kulenga. Rudi nyuma kidogo na utumie ukuzaji wa mara mbili. Kama simu yako ina hali ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ijaribu, lakini angalia kama inabadili lenzi yenyewe: lenzi ndogo ya makro ya simu za bei nafuu huhitaji mwanga mwingi na picha zake huwa hafifu usiku. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi cha pamba. Alama za vidole zenye mafuta ya kufukuza mbu ndizo zinazoharibu picha nyingi zaidi ya watu wanavyodhani.

Kisha hali ya usiku. Izime. Hali hiyo hukusanya picha kadhaa kwa sekunde moja au zaidi na kuziunganisha, jambo zuri kwa majengo lakini baya kwa kiumbe anayepumua na kutikisa vipapasio. Badala yake mpe nondo mwanga. Simu hushindwa kulenga gizani kwa sababu haioni kitu cha kulenga, na tochi ya pili iliyoshikwa na mwenzako kutoka pembeni humaliza tatizo hilo. Gusa kioo cha simu juu ya jicho la nondo, shikilia hadi ulengaji ufungike, egemeza mkono kwenye goti au kigingi, upige picha kadhaa mfululizo.

Ikiwa mandhari yote ni kali ila mabawa peke yake yana ukungu, nondo anatetemeka. Sphingidae na wengine wenye mwili mzito hutikisa misuli ya kifua ili ipate joto kabla ya kuruka. Una sekunde chache. Piga haraka, au mwache aende. Kujaribu kumshika wakati huo ni kumvunja mabawa.

Wenye kamera yenye lenzi ya makro watumie flashi. Weka tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11, kasi ya shata 1/160 au 1/200, ISO 200 hadi 400. Mlipuko wa flashi ni mfupi mno, kwa hiyo ndio unaogandisha mtikisiko. Kama picha bado hazitulii, tatizo huenda ni umbali wa kulenga: zima ulengaji wa kamera, ulenge kwa mkono, usogee mbele na nyuma taratibu hadi jicho liwe kali.

Dalili: rangi ni zambarau, au nondo ni mweusi juu ya shuka linalong'aa

Rangi ya zambarau ni ya taa ya kuita. Hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Zima UV au mfunike nondo kwa kivuli cha mwili wako, halafu piga picha kwa tochi nyeupe au flashi. Hapa ndipo ile habari ya taa mbili inapojilipa.

Nondo kuwa mweusi kuna sababu yake pia. Kamera inaliona shuka jeupe, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza. Gusa nondo kwenye kioo kisha upandishe mwangaza kidogo. Kwenye kamera ongeza fidia ya mwangaza hadi hatua moja. Lakini suluhisho ninalolipenda ni kumhamisha. Weka kipande cha gome au jani mbele ya miguu yake, mguse taratibu kwa nyuma na brashi laini, naye atapanda mwenyewe. Juu ya gome rangi zake zinaeleweka, na unaona kwa nini kaumbwa hivyo. Usimshike mabawa kamwe: ule unga unaobaki vidoleni ni vigamba vyake, na havioti tena.

Flashi ikiacha doa jeupe mgongoni, ilainishe. Karatasi nyeupe, au kipande cha dumu jeupe la maziwa kilichokatwa na kufungwa mbele ya flashi kwa mpira, hutosha.

Dalili: mistari myeusi inapita kwenye picha

Ni mpepeso wa balbu inayotumia umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mwanga hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, au utafute kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kuzuia mpepeso na uchague 50. Taa ya betri huondoa shida hii, isipokuwa zile za bei rahisi zenye kupunguza mwanga, ambazo nazo hupepesa.

Dalili: ngozi imeungua, sikio linawasha, mwili hauko sawa

Katika misimu ya mvua huja kwenye taa mdudu mwembamba wa milimita 7 hadi 10, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi zinazopishana, ambaye wengi Afrika Mashariki humwita Nairobi flai. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, na humwagika anapopondwa kwenye ngozi. Kidonda chenye malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye. Akitua shingoni, mpulize. Usimpige kofi. Ikiwa umemponda, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, na usijiguse macho. Malengelenge yakiwa karibu na jicho au yakienea, nenda kituo cha afya.

Mdudu akiingia sikioni, usichokonoe kwa pamba wala njiti. Inamisha kichwa, sikio hilo likiwa juu, na kama hujawahi kutoboka ngoma ya sikio dondosha mafuta ya kula yaliyo vuguvugu kidogo ili afe na kutulia. Kumtoa ni kazi ya mhudumu wa afya. Kuanzia usiku wa kwanza vaa kofia inayofunika masikio na shida hii haitakufika.

Malaria haipumziki kwa sababu unaangalia nondo. Mbu wa Anopheles huuma zaidi kuanzia usiku mkubwa hadi alfajiri, saa zilezile za Saturniidae. Mikono mirefu, soksi, dawa ya kupaka. Dawa yenye DEET huyeyusha plastiki za aina fulani, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika kamera, na usiinyunyize karibu na shuka. Ukipata homa siku zinazofuata, pima.

Vyura hukusanyika chini ya taa, na nyoka hufuata vyura. Vaa gamubuti na umulike unapokanyaga. Nyoka akiuma, usikate, usifunge kamba, usinyonye. Tuliza kiungo na uende hospitali mara moja.

Dalili: taa inazimika, waya una joto, soketi inatoa cheche

Kama unatumia pawabanki, kagua chaji na waya wa USB, na baadhi ya pawabanki hujizima zenyewe zikiona taa inakula umeme mdogo sana. Chomeka kitu cha pili na tatizo litaisha.

Kwa wanaotumia umeme wa ukutani ninasema bila kupunguza: volti 240, nyasi zenye umande na miguu iliyolowa ni mchanganyiko wa kifo. Ekstensheni ya ndani haifai nje. Unaruhusiwa kukagua vitu viwili tu, balbu iliyolegea na fyuzi ya plagi, na hata hivyo swichi kuu ikiwa imezimwa. Ukihisi joto kwenye waya, harufu ya plastiki kuungua, mtekenyo ukigusa chuma, au kikata umeme kinachoruka kila ukiwasha, acha. Mwite fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Balbu kubwa za mitego ya nsenene zina kifaa cha kuwashia chenye volti za juu sana. Usizifungue, usizirithi kutoka kwa mtu, usijaribu kuzirekebisha mwenyewe. Ngurumo ya radi ikisikika, kusanya vitu na uingie ndani.

Jambo dogo la ujirani: mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na askari wa mtaa kabla hujawasha taa ya zambarau usiku wa manane. Swali lao litakuja tu, bora lije na jibu.

Dalili: asubuhi shuka lina mabawa matupu

Ndege wamepita. Taa ikiachwa hadi kunapambazuka, shorewanda na wenzake hujifunza ndani ya siku chache kwamba kwako kuna mlo wa bure. Zima taa angalau saa moja kabla ya alfajiri. Kabla jua halijatoka, kagua shuka na trei za mayai, uwahamishe nondo waliolala kwenye majani mazito yenye kivuli. Mwanga wa saa hiyo ni mzuri ajabu kwa picha, nondo ni baridi na hawakimbii, na kama ungechagua saa moja tu ya kupiga picha ningekuambia uchague hiyo. Usiwashe taa usiku mfululizo pia. Nondo aliyekaa kwako usiku kucha hakula wala hakujamiiana; wape siku kadhaa za giza.

Dalili: picha ni nzuri, jina halipatikani

Mara nyingi kinachokosekana ni pembe. Piga kutoka juu kabisa, kutoka ubavuni, na upande wa chini ukiweza, pamoja na picha moja yenye rula au sarafu pembeni. Andika tarehe, saa, mahali na mwinuko. Kama eneo limezimwa kwenye kamera ya simu, liwashe. Pakia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, kisha ulinganishe na kanzidata ya AfroMoths inayoorodhesha nondo wa Afrika. Programu za kutambua picha hutaja kwa urahisi jina la nondo wa Ulaya anayefanana, kwa hiyo angalia kwanza kama spishi hiyo ipo Afrika Mashariki.

Nondo wengi wadogo hawatambuliki kwa picha, hata iwe kali namna gani; wataalamu huwachunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kufika kwenye familia na kuishia hapo ni utambuzi halali.

Yupo mmoja ambaye ni lazima kumtaja, kiwavijeshi vamizi anayeshambulia mahindi, Spodoptera frugiperda, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016. Dume lake lina doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, jike ni la kijivu lisilo na alama wazi, na jamaa zake wa jenasi hiyo wanafanana naye sana. Usihukumu kwa nondo mmoja wa kwenye shuka. Nenda kwenye mahindi, fungua majani ya katikati, utafute viwavi na kinyesi chao chenye punje. Ukivikuta, vipige picha na umpelekee afisa kilimo wa kata yako kabla hujanunua dawa yoyote.